Hitilafu huondolewa, tatizo hutatuliwa

Ukifika kwenye dirisha la benki au kwa wakala wa fedha za simu ukaambiwa "mtandao unasumbua", umeambiwa kweli isiyotosha. Huenda mtandao wenyewe ni mzima. Huenda diski ya seva imejaa, au programu iliyowekwa jana usiku haielewani na ile ya zamani, au cheti cha usalama kimeisha muda na hakuna aliyekumbuka kukihuisha. Kauli hiyo moja hubeba yote. Mteja aliye kwenye foleni hahitaji zaidi ya hapo. Anataka kujua arudi saa ngapi. Lakini kauli hiyohiyo inapoingia kwenye chumba cha mafundi, kisha kwenye kikao cha wakurugenzi, inaanza kula fedha, kwa sababu inachanganya mambo mawili yanayohitaji watu tofauti, saa tofauti na hata vitenzi tofauti.

Mambo hayo mawili yanatenganishwa katika ITIL, mkusanyiko wa taratibu za kuendesha huduma za kompyuta ulioanzishwa na wakala wa serikali ya Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1980. Toleo lake la nne lilitoka mwaka 2019, na mawazo yake mengi yamo pia katika kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 20000, kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka 2005. Humo kuna "incident", yaani huduma kukatika au kushuka ubora bila kupangwa. Kuna pia "problem", yaani sababu, au kinachoweza kuja kuwa sababu, ya kukatika huko. La kwanza ni kile mteja anachokiona. La pili ni kile kilichokizaa, na mara nyingi mteja hatakiona kamwe.

Katika Kiswahili cha ofisini yote mawili huitwa tatizo. "Kuna tatizo kwenye mfumo," anasema karani. "Tatizo limekwisha," anajibu fundi baada ya kuzima na kuwasha seva. Hapo ndipo mambo yanapoharibika: kilichokwisha ni kukatika kwa huduma, sababu yake iko palepale.

Wapo wanaotumia "tukio" kwa istilahi ya kwanza. Ningewasihi waliache neno hilo lifanye kazi nyingine, maana ITIL ina istilahi ya tatu inayolihitaji, "event", yaani badiliko lolote la hali lenye umuhimu katika kusimamia huduma. Nakala rudufu imekamilika, hilo ni tukio. Diski imefika asilimia 80, hilo nalo ni tukio. Mengi ya matukio hayana ubaya wowote, na machache ni onyo. Tukiliita kila jambo tukio, onyo litapotea katikati ya taarifa za kawaida.

Kwa kukatika kwa huduma tunalo neno lililozoeleka, nalo ni hitilafu. Umeme ukikatika nchi nzima, tangazo husema kumetokea hitilafu katika Gridi ya Taifa, na kila msikilizaji huelewa kwamba kitu kilichokuwa kikifanya kazi kimeacha, na kwamba mafundi wako njiani kukirudisha. Maana hiyo ndiyo tunayoitaka. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye wazo la kutofautiana, nalo linafaa: huduma imetofautiana na ilivyoahidiwa.

Kisha neno tatizo linabaki huru kwa ajili ya sababu, na hapa lugha yetu ina utajiri ambao Kiingereza hakina. Shina lake ni tata, kusokotana kama uzi uliofungamana. Kutatiza ni kuufunganisha, kutatua ni kuufungua, kwa kiambishi kilekile kinachogeuza funga kuwa fungua. Kwa hiyo anayetatua tatizo anatafuta mwanzo wa uzi. Hitilafu haina uzi wa kutafuta; hitilafu huondolewa, haraka, hata kwa njia ya muda. Fundi anayejua vitenzi hivi viwili hawezi kuandika kwenye tiketi "tatizo limetatuliwa" wakati alichofanya ni kuwasha mashine upya. Ataandika "hitilafu imeondolewa", na msomaji wa tiketi atajua bado kuna kazi.

Kisa kinachoonyesha thamani ya kutenganisha istilahi hizi kilitokea kwenye kampuni ya Knight Capital ya Jersey City, Marekani, iliyokuwa miongoni mwa wafanyabiashara wakubwa wa hisa nchini humo. Tarehe 1 Agosti 2012 Soko la Hisa la New York lilikuwa linaanzisha utaratibu mpya kwa wawekezaji wadogo. Knight waliandika msimbo mpya kwenye mfumo wao wa kupeleka oda sokoni, wakaanza kuuweka kwenye seva nane siku chache kabla. Seva saba zikaupata. Ya nane ikasahauliwa.

Kwenye seva hiyo ya nane kulikuwa na kazi ya zamani iliyoitwa Power Peg. Kampuni iliacha kuitumia mwaka 2003 lakini haikuifuta. Mwaka 2005 wakahamisha kipande cha msimbo kilichokuwa kikihesabu hisa zilizokwisha kununuliwa na kuiambia Power Peg isimame, na baada ya kukihamisha hawakuijaribu tena. Mwaka 2012 wakachukua alama iliyokuwa ikiiwasha Power Peg wakaipa kazi mpya. Kwenye seva saba alama hiyo ilimaanisha jambo jipya. Kwenye seva ya nane ilimaanisha lile la zamani.

Soko likafunguliwa saa tatu na nusu asubuhi. Kwa dakika kama 45, seva ya nane ilipokea oda za wateja na kuzitolea oda ndogondogo bila kukoma, kwani ile hesabu ya kuisimamisha haikuwapo tena mahali pake. Oda 212 za wateja zikazaa mauzo na manunuzi zaidi ya milioni 4, katika hisa za kampuni 154, jumla ya hisa zaidi ya milioni 397. Hasara ilipita dola milioni 460.

Sasa tuzipitishe istilahi zetu hapo. Kabla soko halijafunguliwa, mifumo ya Knight ilituma kwa wafanyakazi barua pepe 97 zilizoutaja mfumo wa oda na kosa lenye jina la Power Peg ndani yake. Hayo yalikuwa matukio. Barua hizo hazikuundwa ziwe tahadhari, na hakuna aliyezifanyia kazi. Hitilafu ilianza soko lilipofunguliwa. Na tatizo? Kulikuwa na zaidi ya moja: msimbo mfu ulioachwa tangu 2003, kipande kilichohamishwa 2005 bila majaribio, alama iliyopewa maana mbili, na kukosekana kwa utaratibu wa kumtaka fundi wa pili akague kazi ya wa kwanza. Mawili ya kwanza yalikaa miaka bila kumsumbua mtu. Ndiyo maana fasili ya ITIL inataja kinachoweza kuja kuwa sababu. Tatizo linaweza kuwepo miaka tisa bila hitilafu hata moja, na anayesubiri hitilafu ndipo aanze kutafuta tatizo amekwisha chelewa.

Kuna kipande cha kisa hiki ninachokiona kizito kuliko tarakimu zote. Katikati ya hitilafu, mafundi waliushuku msimbo mpya, wakauondoa kwenye zile seva saba ulikokuwa umewekwa sawasawa. Kurudisha toleo la awali ni hatua halali ya kuondoa hitilafu. Kila kitengo cha huduma huifanya. Hapa ilizifanya seva saba zilizo nzima ziwe kama ya nane, nazo zikaamsha Power Peg. Waliifuata njia sahihi ya kuondoa hitilafu wakiwa na dhana potofu juu ya tatizo, na hasara ikaongezeka. Oktoba 2013 tume inayosimamia masoko ya hisa Marekani iliitoza Knight dola milioni 12. Kufikia wakati huo kampuni ilikuwa imekwisha kuunganishwa na nyingine.

Si lazima mtu auze hisa za mamilioni ndipo haya yamhusu. Chukua mfumo wa SACCOS unaoganda kila mwisho wa mwezi ripoti ya mikopo inapotolewa. Fundi wa zamu anazima, anawasha, ripoti inatoka, tiketi inafungwa ndani ya nusu saa. Kwenye jedwali la meneja kila tiketi ni ushindi, maana mkataba wa huduma unapima muda wa kurudisha huduma. Mwaka mzima hitilafu kumi na mbili zimeondolewa kwa wakati, na hakuna aliyeuliza kwa nini ni mwisho wa mwezi tu. Atakayeuliza pengine atakuta jedwali la miamala kwenye kanzidata halina faharasa kwenye safu ya tarehe, hivyo ripoti inasoma kila mstari tangu siku mfumo ulipozinduliwa, na kila mwezi mistari inaongezeka. Kuweka faharasa ni kazi fupi. Kilichokuwa kirefu ni kutokuwa na mahali pa kuliandika swali.

Ndiyo maana nashikilia kwamba daftari la matatizo liwe mbali na daftari la hitilafu, na liwe na mwenyewe. Mwenye daftari la hitilafu ni kitengo cha huduma, kinachopimwa kwa dakika. Mwenye daftari la matatizo anapaswa kukaa karibu na waandishi wa programu, apewe wiki badala ya dakika, na asipimwe kwa wingi wa tiketi alizofunga. Ukimpima kwa dakika naye, ataanza kuzima na kuwasha.

Inabaki hali moja ya katikati: tatizo ambalo chanzo chake kimechunguzwa na kujulikana lakini bado halijatatuliwa. Wengine huliita kosa linalojulikana. Mimi napendelea kasoro inayojulikana, kwa kuwa "kosa" humtafuta mkosaji, na mafundi wanaoogopa kutafutwa hawaandiki kitu. Kasoro kama hiyo huandikwa pamoja na njia ya muda ya kuikwepa, ili fundi wa zamu asiivumbue upya saa nane za usiku: ripoti itolewe kwa robo ya mwezi, matawi makubwa yatangulie, mtu fulani apigiwe simu ikizidi dakika kumi. Wakati mwingine uongozi utaamua kuiacha hivyo, kwa sababu mfumo unabadilishwa mwakani na kuitatua sasa ni ghali kuliko kuikwepa. Uamuzi huo ni halali, mradi umeandikwa, una tarehe ya kuangaliwa tena, na una jina la aliyeukubali.