Mkono wa Mchongaji na Sauti ya Tume: Isaac Scott Hathaway na Nusu Dola za Kumbukumbu za Marekani, 1946–1954

Utangulizi

Sarafu ni miongoni mwa kazi za sanaa zinazopita katika mikono mingi zaidi, na pengine ndiyo kazi ambayo mtunzi wake hujulikana kwa uchache zaidi. Mtanzania aliyelipa kwa sarafu za mwaka 1966 aliutambua mara moja uso wa Mwalimu Nyerere. Ni nadra kumpata aliyejua kwamba michoro ya sarafu hizo ilitoka mkononi mwa Christopher Ironside, msanii Mwingereza aliyechora pia pande za nyuma za sarafu za desimali za nchi yake. Katika sarafu ya matumizi ya kila siku kutojulikana huku hakuleti utata mkubwa. Sarafu ya kumbukumbu ni jambo jingine, kwa sababu hiyo hufuliwa ili iseme neno fulani kuhusu mtu au tukio. Tukiuliza inasema nini, hatuna budi kuuliza pia ni nani anayesema.

Insha hii inalichunguza swali hilo kupitia sarafu mbili za nusu dola zilizobuniwa na Isaac Scott Hathaway: ile ya Booker T. Washington, iliyofuliwa kuanzia 1946 hadi 1951, na ile ya George Washington Carver na Booker T. Washington, iliyofuliwa kuanzia 1951 hadi 1954. Hathaway hutajwa katika maandishi ya wakusanyaji wa sarafu kama Mmarekani Mweusi wa kwanza kubuni sarafu ya nchi yake, na mara nyingi maelezo huishia hapo. Kwa maoni yangu, kuishia hapo ni kumsifu mtu bila kuisoma kazi yake. Hoja ninayoitetea ni kwamba nafasi ya Hathaway katika sarafu hizi mbili haikuwa sawa. Katika ile ya kwanza alileta kitu ambacho tume iliyoagiza sarafu haikuweza kukipata kwingine. Katika ya pili alibaki na nyuso, huku upande wa pili wote ukisema maneno ya watu wengine.

Jinsi sarafu ya kumbukumbu ilivyopatikana

Utaratibu wenyewe unahitaji kuelezwa kwanza, kwani bila ya kuuelewa hatutajua mbunifu alikuwa na uhuru kiasi gani. Tangu nusu dola ya maonyesho ya Columbus ya mwaka 1892, kila sarafu ya kumbukumbu ya Marekani ilihitaji sheria ya Bunge. Kwa kawaida sheria ilikitaja chama au kamati ambayo ingenunua sarafu kutoka serikalini kwa thamani iliyoandikwa juu yake, kisha ikaziuza kwa umma kwa bei ya juu zaidi. Faida ndiyo iliyogharimia mnara, sherehe au taasisi iliyokusudiwa. Kwa hiyo mchongaji alikuwa na mabwana wengi. Kamati ndiyo iliyomwajiri, Bunge lilikwisha kuamua maudhui, na kuanzia agizo la Rais Harding la mwaka 1921, Tume ya Sanaa iliyoundwa mwaka 1910 ilipaswa kutoa ushauri juu ya kila mchoro. Baada ya hapo kiwanda cha sarafu nacho kilikuwa na masharti yake.

Masharti ya kiwanda hayakuwa madogo. Mchongaji alifanya kazi kwa udongo na plasta katika ukubwa wa sahani. Nakala ngumu ya plasta hiyo ilitiwa katika mashine ambayo sindano yake ilifuata kila mwinuko na kila bonde, huku kisu chake kikikata umbo hilohilo kwenye chuma kwa ukubwa wa sarafu yenyewe, ambao kwa nusu dola ni milimita 30.6. Mwinuko mkubwa haukubaliki, kwa sababu mashinikizo lazima yakamilishe picha kwa pigo moja. Ndiyo maana wabunifu wengi walichagua uso unaotazama pembeni: mstari wa paji, pua na kidevu hubaki wazi hata picha inapokuwa bapa. Uso uliogeuzwa kumwelekea mtazamaji ni mtihani, kwani pua ndiyo huinuka kuliko vyote na ndiyo hulika kwanza.

Waliopewa kazi hizi walikuwa wachongaji waliokwisha kupata jina, kama vile James Earle Fraser na mkewe Laura Gardin Fraser, ambaye mwaka 1921 alikuwa mwanamke wa kwanza kubuni sarafu ya Marekani, ile ya karne moja ya jimbo la Alabama. Charles Keck, ambaye tutakutana naye tena, alikuwa na sarafu tatu za kumbukumbu: dola ya dhahabu ya maonyesho ya Panama na Pasifiki (1915), nusu dola ya Vermont (1927) na ile ya Lynchburg (1936). Hadi 1946 hapakuwa na Mmarekani Mweusi miongoni mwao.

Uso uliochukuliwa kwa plasta

Hathaway alizaliwa Lexington, Kentucky, mwaka 1872, mwana wa mchungaji. Alisimulia mwenyewe kwamba akiwa na umri wa miaka tisa hivi alizuru jumba la makumbusho pamoja na baba yake, akatafuta sanamu ya Frederick Douglass kati ya sanamu za watu mashuhuri asiione, na baba yake akamweleza kwamba watu wao hawakuwa na wachongaji waliosomea kazi hiyo. Kisa cha namna hii hupendwa na waandishi wa wasifu, nasi tunapaswa kukipokea kwa tahadhari. Hata hivyo maisha yake yanakiunga mkono. Alisomea sanaa Boston na Cincinnati, akajifunza ufinyanzi, kisha akafungua karakana mjini Washington alikotengeneza sanamu za plasta za kichwa na mabega za Douglass, Paul Laurence Dunbar, Washington na wengineo. Sanamu za plasta ni za bei nafuu. Shaba ingekwenda kwenye viwanja vya serikali. Plasta iliweza kwenda kwenye madarasa na sebule za Wamarekani Weusi, na huko ndiko Hathaway alikokusudia zifike.

Sehemu nyingine ya ujuzi wake ilikuwa kuchukua kalibu za nyuso. Mwaka 1903 alichukua kalibu ya uso wa marehemu Cassius Marcellus Clay, mpinga utumwa wa Kentucky. Kazi hii haina sifa kubwa katika historia ya sanaa, kwani hudhaniwa ni ya fundi zaidi kuliko ya msanii. Lakini hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye sarafu. Miongoni mwa vitu alivyovihifadhi ni kalibu ya uso wa Booker T. Washington.

Washington alizaliwa utumwani mwaka 1856 katika shamba la Burroughs, wilaya ya Franklin, Virginia, na mwaka 1881 akawa kiongozi wa kwanza wa chuo cha Tuskegee, Alabama, akakiongoza hadi alipofariki mwaka 1915. Jina la Tuskegee si geni katika historia ya elimu ya Afrika Mashariki: tume ya Phelps-Stokes iliyozuru eneo hili mwaka 1924, James Aggrey akiwa mmoja wa wajumbe wake, ilipendekeza elimu ya namna hiyo, na Shule ya Jeanes ya Kabete iliyoanza mwaka uliofuata ilifuata mkondo huo. Hathaway mwenyewe alifundisha kwanza Pine Bluff, Arkansas, kuanzia 1915, kisha akahamia Tuskegee mwaka 1937 kufundisha ufinyanzi. Carver alikuwa bado yuko hapo hadi kifo chake mwanzoni mwa 1943. Kwa hiyo Hathaway hakuwafahamu watu wa sarafu zake kwa picha za magazeti tu.

Mwaka 1945 Washington alichaguliwa kuingia katika Ukumbi wa Sifa wa Wamarekani Mashuhuri mjini New York, wa kwanza miongoni mwa Wamarekani Weusi. Sidney J. Phillips, aliyekuwa akiongoza juhudi za kulinunua shamba la Burroughs na kulifanya kumbukumbu, aliomba sarafu, na sheria ya tarehe 7 Agosti 1946 ikaruhusu zifuliwe hadi milioni tano. Phillips alimwendea Keck. Chaguo hilo lilieleweka: Keck ndiye aliyechonga sanamu kubwa ya Washington iliyosimamishwa Tuskegee mwaka 1922, nayo sarafu alikwisha kuzizoea. Hathaway, akiwa na umri wa miaka 74, alijitokeza na kutoa michoro yake bila malipo, akieleza kwamba alikuwa na uso wenyewe. Tume ya Sanaa ilipolinganisha kazi hizo ilipendelea ya Hathaway. Keck hakufurahi.

Tukio hili lina uzito kuliko linavyopewa. Mara nyingi husimuliwa kama ushindi wa rangi, na bila shaka lilikuwa hivyo pia. Lakini kilichoamua mbele ya wajumbe wale hakikuwa asili ya mchongaji, wala sifa zake, kwani kwa sifa Keck alimzidi. Kilichoamua ni ushahidi. Kwa miaka mingi mchongaji wa plasta alihifadhi vipimo vya uso ambao mchongaji wa shaba alilazimika kuukisia. Uso uliomo kwenye sarafu nao unaonyesha hivyo: Hathaway hakuuweka pembeni kabisa, bali aliugeuza kiasi umwelekee mtazamaji, akaukubali ule mtihani wa pua na mashavu niliokwisha kuutaja. Mtu asiyekuwa na kalibu angejificha nyuma ya mstari wa pembeni.

Upande wa nyuma alilazimika kuubuni upya. Juu kuna jengo la Ukumbi wa Sifa, chini kuna kibanda cha watumwa, na katikati maandishi yanayosema kwamba safari ilikuwa kutoka kibanda cha mtumwa hadi Ukumbi wa Sifa. Wakosoaji wameuona upande huu umejaa mno, nami sina la kuutetea kwa upande wa sura: majengo mawili na maneno mengi kwenye milimita thelathini ni mzigo. Hata hivyo kibanda kipo. Katika fedha halali ya Marekani, nyumba ya mtumwa iliwekwa mahali ambapo tai huwa, na neno lenyewe la utumwa likaandikwa.

Sarafu ya 1951

Mauzo hayakwenda kama Phillips alivyotumaini. Mwaka wa kwanza zilifuliwa zaidi ya milioni moja, lakini wanunuzi wakapungua upesi. Kwa sarafu zenye tarehe ya 1949, zilizobaki mikononi mwa watu ni takriban 6,000 tu kutoka kila kimoja cha viwanda vitatu. Deni likakua. Ndipo ilipotungwa sheria ya tarehe 21 Septemba 1951, iliyoruhusu sarafu 1,581,631 za Washington zisizouzwa ziyeyushwe, na fedha yake, pamoja na kibali cha sarafu 1,834,000 zilizokuwa hazijafuliwa, itumike kutengeneza sarafu mpya ya Carver na Washington. Ili Bunge likubali, lilipewa sababu mpya: mapato yangesaidia kuzuia kuenea kwa ukomunisti miongoni mwa Wamarekani Weusi, kwa manufaa ya ulinzi wa taifa.

Sababu hiyo ilifika hadi kwenye plasta ya Hathaway. Mchoro wa kwanza wa upande wa nyuma ulikuwa na nembo ya chama cha wapiganaji wa zamani, American Legion, nao ukakataliwa serikalini. Badala yake ikawekwa ramani ya Marekani yenye herufi za nchi, ikizungukwa na maandishi yanayoahidi uhuru na fursa kwa wote, pamoja na neno moja la kutangaza Umarekani. Ramani si sanamu, na haihitaji mchongaji. Upande wa mbele Hathaway aliviweka vichwa vya Carver na Washington vikifuatana, vyote vikitazama kulia, pembeni kabisa. Hapa hakuna mtihani wa pua. Vichwa viwili katika nafasi ya kimoja havikumwachia mbunifu njia nyingine.

Tukiziweka sarafu hizi mbili mezani pamoja, jina la mbunifu ni moja na fedha nayo kwa sehemu kubwa ni ileile, kwani ya pili ilitokana na ya kwanza iliyoyeyushwa. Kilichotoweka ni kibanda. Mwaka 1946 ahadi ya Marekani kwa Mtu Mweusi ilielezwa kwa mahali alipoanzia. Mwaka 1951 ilielezwa kwa ramani isiyo na mahali popote mahsusi, wakati ambapo katika Alabama ya Hathaway mwenyewe shule za Weusi na Weupe zilikuwa bado zimetenganishwa kwa sheria. Sioni sababu ya kumlaumu mchongaji kwa hilo, wala sioni sababu ya kuyahesabu maneno hayo kuwa yake.

Sarafu ya pili nayo haikuuzika vizuri, na ufuaji wake ulikoma mwaka 1954. Marekani haikutoa tena sarafu ya kumbukumbu ya aina hiyo hadi 1982, ilipotolewa nusu dola ya George Washington iliyobuniwa na Elizabeth Jones. Shamba la Burroughs, ambalo sarafu zote mbili zilishindwa kuligharimia, lilichukuliwa na serikali kuu na kufanywa kumbukumbu ya taifa mwaka 1956. Hathaway, aliyekuwa amekwisha kuhamia chuo cha ualimu cha Montgomery mwaka 1947, aliendelea kufundisha ufinyanzi huko hadi 1963, na akafariki mjini humo mwezi Machi 1967.