Kuzihesabu Siku za Majilio Nyumbani

Kila mwaka ifikapo miezi ya korosho na embe, hapa Kisarawe na kule Kibaha watu huanza kuulizana habari za Krismasi. Na maswali yao, ukiyasikiliza vizuri, karibu yote ni ya namna moja: Nguo zimenunuliwa? Mchele umepatikana? Kuku yuko? Hatuyadharau maswali haya, kwa maana nasi tuna watoto, na mtoto asiyepata kitu kipya siku ile huona dunia nzima imemwonea. Lakini leo twapenda kueleza habari nyingine, yaani habari ya siku zile zinazoitangulia sikukuu: jinsi Wakristo wa kale walivyozishika, na jinsi zilivyotoka kanisani zikaingia katika nyumba za watu wasio na mali.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka wa 380 maaskofu walikutana katika mji wa Zaragoza, nchi ya Hispania, wakaagiza kwamba tangu tarehe 17 Desemba hata tarehe 6 Januari, yaani siku 21, Mkristo asikose kanisani, wala asijifiche nyumbani, wala asiende zake kukaa shamba au milimani. Katika karne iliyofuata Perpetuo, askofu wa Tours katika nchi ya Ufaransa, akaagiza watu wafunge siku tatu kila juma, tangu sikukuu ya Mtakatifu Martino tarehe 11 Novemba mpaka Krismasi. Baadaye Kanisa la magharibi likashika desturi ya Jumapili nne, nazo ndizo tuziitazo Majilio. Angalieni basi jambo hili: hapo mwanzo nyumba haikuwa na sehemu katika siku hizo. Aliyebaki nyumbani ndiye aliyehesabiwa mwenye kosa!

Nyumba ilipata sehemu yake baada ya miaka mingi sana. Huko Ujerumani, katika karne ya 19, wazazi walianza kuwaonyesha watoto Majilio kwa vitu vidogo vidogo. Wengine walichora mistari 24 ya chaki mlangoni, na kila siku mtoto akafuta mmoja. Wengine waliweka hori tupu la mti, na mtoto akatia unyasi mmoja kila siku, ili Krismasi ifike hori likiwa na matandiko. Wengine walitia alama katika mshumaa, ukawaka kila jioni mpaka alama ya siku ile, kisha ukazimwa. Katika desturi hizi hakuna hata moja iliyohitaji fedha ya maana. Chaki, majani, mshumaa mmoja, basi.

Lakini habari tuipendayo kuliko zote ni ile ya Johann Hinrich Wichern. Mtu huyu alizaliwa Hamburg mwaka wa 1808, na mwaka wa 1833, akiwa kijana wa miaka 25, alifungua karibu na mji ule nyumba ya watoto maskini na waliotupwa, iitwayo Rauhes Haus. Watoto wale hakuwaweka wote pamoja katika bweni moja kama askari. Aliwagawanya katika jamaa ndogo ndogo, kila jamaa na mlezi wake, kwa kuwa aliona mtoto aliyekosa nyumba haponi kwa kupewa chakula tu, sharti apewe na nyumba. Yasimuliwa kwamba siku za Majilio watoto hao walimchosha kwa swali moja: Krismasi ni leo? Basi mwaka wa 1839 akatwaa gurudumu kuukuu la mkokoteni, akasimamisha juu yake mishumaa midogo myekundu 20 na mikubwa myeupe minne. Mwaka ule Jumapili ya kwanza ya Majilio iliangukia tarehe 1 Desemba, hivyo siku za kungoja zilikuwa 24 barabara. Kila jioni ukawashwa mshumaa mmoja mdogo, na kila Jumapili mmoja mkubwa. Mtoto asiyejua kusoma hata herufi moja aliweza kutazama gurudumu akajua zimepita siku ngapi na zimebaki ngapi. Sisi walimu twaliona humo somo la hesabu pia, na twamsifu Wichern kwa hilo, ingawa sifa yake kubwa ni nyingine.

Shada lile halikuenea upesi. Kwa muda mrefu lilibaki zaidi katika nyumba za watoto kama ile, na ni katika karne ya 20 tu ndipo lilipoingia katika nyumba nyingi za Ujerumani, likiwa sasa na mishumaa minne tu na majani mabichi. Miaka ya mwanzo ya karne hiyo hiyo, Gerhard Lang, mpiga chapa wa mji wa Munich, alikumbuka jinsi mama yake alivyomshonea biskuti 24 katika karatasi ngumu ili ale moja kila siku, akaanza kuchapa kalenda za Majilio zenye picha. Wakati wa vita vya pili karatasi ikaadimika, kalenda hizo zikakoma kuchapwa. Vita vilipokwisha zikarudi, na siku hizi nyingi hutiwa chokoleti nyuma ya vidirisha. Kibaha mwezi wa Desemba chokoleti ya namna hiyo ingeyeyuka kabla mtoto hajafika kidirisha cha tatu.

Sasa turudi kwetu. Chama cha misioni kilichoundwa Berlin mwaka wa 1886 kilimtuma mchungaji Greiner, akafika Dar es Salaam mwaka wa 1887. Mwaka wa 1892, miaka 53 baada ya gurudumu la Wichern, misioni ya Kisarawe ikaanzishwa, na mwaka wa 1895 ile ya Maneromango. Misioni hiyo ililea pia watu waliokombolewa utumwani, watoto wakiwamo, nao kama wale wa Hamburg hawakuwa na nyumba ya baba ya kurudia. Hivyo Krismasi ilifika Uzaramo ikiwa ni sikukuu ya misioni: kengele ya misioni, mti wa misioni, nyimbo za misioni. Watu walikwenda kuitazama huko, kisha wakarudi kwao.

Ikaja vita ya kwanza. Mwezi wa Septemba 1916 Waingereza waliingia Dar es Salaam, na wamisionari Wadachi, kama wazee wetu walivyowaita, wakaondolewa nchini. Ni nani aliyeshika ibada miaka ile? Ni walimu Waafrika, na mmoja wa viongozi wao mjini Dar es Salaam alikuwa Martin Ganisya, mtu aliyewahi kuwa mtumwa. Wadachi walirudi baada ya 1920, kisha vita ya pili, iliyoanza 1939, ikawaondoa tena. Mara mbili katika maisha ya mtu mmoja, Mkristo wa Kisarawe aliona mambo yaliyokuwa mikononi mwa wageni yakikatika, na yaliyokuwa mikononi mwa wenyeji yakidumu. Sala ya jioni barazani haikuhitaji ruhusa ya serikali yo yote.

Kibaha nayo ina habari yake. Mwaka wa 1963 Wadenmaki, Wafini, Wanorwe na Waswidi waliletwa huko na mradi wa nchi zao nne wa kujenga shule, kituo cha afya na mashamba ya kufundishia. Mwaka wa 1970 kazi yote ilikabidhiwa kwa serikali yetu, nayo ndiyo Shirika la Elimu Kibaha. Katika nchi hizo Desemba ni mwezi wa giza. Kaskazini kabisa jua halionekani siku nyingi. Ndiyo maana watu wa huko hupenda sana nyota ya dirishani na mshumaa wenye tarehe 24. Sisi hatuna giza la namna hiyo. Desemba yetu ni jua kali na mvua za vuli, na nyumba yenye paa la makuti haipendi gurudumu la mishumaa 24. Kwa hiyo anayetaka kuiga sharti aangalie nini cha kuiga. Moto wao si lazima. Hesabu yao yafaa.

Na hapa yatupasa kuungama. Mwaka mmoja sisi wenyewe tulikopa dukani nguo za watoto, viatu na kitambaa cha mama, tukijiambia kwamba Krismasi ni mara moja tu. Siku ilipita vizuri. Tarehe 26 viatu vilikwisha kubana, na Januari, mwezi wa sare na madaftari, tulikuwa tukilipa deni la siku moja. Mkubwa wetu alianza mwaka wa shule kwa daftari za kuazima. Mwalimu mzima, mwanawe hana daftari! Hatujaisahau aibu ile.

Mwaka uliofuata, shule zilipofungwa, tulichukua udongo mweupe wa vilima vya Pugu tukachora mistari 24 katika mwimo wa mlango, upande wa kushoto. Bibi, aliyekuwa akikaa kwetu, alitazama akacheka. Akasema, "Wanangu, hayo si mageni. Baba yangu akisafiri aliacha kamba yenye mafundo, tukafungua moja kila asubuhi. Fundo la mwisho, ndipo tunampikia."

Kila mstari tuliupa kazi yake ndogo. Siku moja kumtekea Bibi maji kabla hajaomba. Siku nyingine kuchagua mchele pamoja, wazazi na watoto, bila mtu kushika simu. Siku ya kufagia kwa jirani mgonjwa. Siku ya kukaanga korosho uani, na hapo watu wazima ndio walioshika kazi, kwa maana utomvu wa ganda lake huunguza ngozi. Siku ya hadithi ya Bibi, taa ikiwa imezimwa. Ikawako na siku ya kumpigia simu mjomba wetu wa Dar es Salaam, si kumwomba kitu, bali kumsalimu tu. Mjomba alishtuka akauliza, "Nani amefariki?" Jioni, kabla ya sala, aliyefanya kazi ya siku ile akafuta mstari kwa kidole.

Majirani zetu wengi ni Waislamu, na mtoto wao mmoja alikuwa akija kila jioni kutazama. Mama yake akatuambia, "Kumbe, Mwalimu, nanyi mna siku zenu za kuhesabu kama sisi tunavyohesabu Ramadhani." Tangu hapo mtoto yule alipewa zamu yake, naye akaja siku hiyo na sahani ya embe kutoka kwao.

Siku ya kumi na moja tuliona mistari mitatu imefutika pamoja. Tuliuliza, kimya. Hatimaye mdogo wetu, wa miaka sita, akalia akasema alitaka Krismasi ije upesi. Baba alikwisha nyanyua mkono. Bibi akamvuta mtoto kwake, akamwambia, "Mjukuu wangu, siku haifutwi kwa kidole. Nenda kailete ile uliyoiba." Mtoto akachukua udongo, akairudisha mistari mitatu kwa mkono wake mwenyewe, imepinda, mmoja mrefu kama mlingoti. Ikabaki hivyo mpaka zamu yake ilipofika.

Krismasi ile hakukuwa na viatu vipya. Kulikuwa na pilau, sahani moja ikaenda kwa majirani, na Januari daftari zilikuwapo. Bibi hakuwa nasi Krismasi iliyofuata. Bwana alimwita mwezi wa Agosti. Jioni ya kwanza ya Desemba mdogo wetu ndiye aliyeleta udongo, bila kuambiwa, akachora mistari yote 24, na chini yake akafunga msumarini kipande cha kamba chenye fundo moja.

Mwaka jana tulipopaka mlango rangi, watoto walisihi mwimo wa kushoto usiguswe. Haujapakwa hata leo.