Kuuchungulia Moyo Kutoka Umioni

Mwaka 1953, mjini Lund, Uswidi, Inge Edler na Hellmuth Hertz waliupima moyo kwa mawimbi ya sauti. Mawimbi yalipitia kifuani, ambako mbavu na hewa ya mapafu huyakwamisha. Umio una nafuu: umepita nyuma kabisa ya atiria ya kushoto. Mwaka 1976 Leon Frazin na wenzake, Marekani, waliwamezesha wagonjwa kipimo kidogo chenye waya. Kilichora mistari tu, wala si picha. Mageuzi hasa yalitoka Hamburg mwanzoni mwa miaka ya 1980, kipimo kilipofungwa kwenye ncha ya mpira wa kuchunguzia tumbo, ambao daktari huupinda atakavyo. Madonge ya damu na vali mbovu vikaonekana waziwazi, na madaktari wa usingizi wakakiingiza kipimo hicho katika chumba cha upasuaji.