Seva Juu ya Paa: Somo la Sola ya Meru na Embu

Nimekuwa kimya kidogo hapa, na sababu ya kimya hicho ndiyo mada ya leo.

Mwezi uliopita seva yangu ya nyumbani ilikufa. Ni tarakilishi ndogo, inatosha kiganjani, nimeiweka kwenye rafu sebuleni hapa Embu. Ilikuwa inatunza picha za familia, nyaraka na kazi zangu, ili nisitegemee kampuni yoyote ya ng'ambo. Usiku mmoja stima ilipotea, betri ya akiba ikashindwa kuibeba hata dakika tano, na diski ikaharibika. Zikapotea picha za miaka miwili, zikiwemo za miezi ya mwisho ya marehemu baba. Nakala nyingine sikuwa nayo.

Nilipompigia mama simu aliuliza swali moja tu: "Na hiyo betri, ulikuwa unaiangalia?" Nikanyamaza. Akacheka kidogo. "Basi hiyo umerithi kwa baba yako."

Nilijua anachosema. Nyumbani kwetu tulijitegemea kwa mengi. Nyuma ya jiko kulikuwa na sukuma wiki na managu. Barazani kulikuwa na cherehani ya kukanyaga ya mama, iliyoshona sare za shule za nusu ya kijiji. Na juu ya paa kulikuwa na paneli ya sola. Bustani na cherehani havikutushinda hata siku moja. Sola ndiyo iliyotushinda. Kwa nini? Ili kujibu, itabidi turudi nyuma.

Kahawa kwanza

Sola ya mlimani kwetu ililipiwa na kahawa, na kahawa yenyewe haikuja bure. Mpaka miaka ya 1930 Mwafrika nchini Kenya alikuwa anazuiwa kukuza kahawa ya kuuza. Walowezi walidai mashamba yetu yangeleta magonjwa kwenye mashamba yao, na walijua pia kwamba mtu mwenye kahawa yake hataamka alfajiri kwenda kuchuma ya mwingine. Katikati ya miaka hiyo serikali ya kikoloni ilianza kuruhusu majaribio katika sehemu tatu: Kisii, Embu na Meru. Baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 kahawa ilienea kwa wakulima wadogo.

Kisha, Julai 1975, baridi kali iliua mikahawa ya Brazil. Bei ya dunia ikapanda mno mwaka 1976 na 1977. Watu wakajenga nyumba za mawe, wakasomesha watoto, wakanunua redio na runinga. Lakini stima haikuwepo. Nyaya zilipita juu ya mashamba zikielekea mjini. Aliyekuwa na runinga ya rangi nyeusi na nyeupe aliiunganisha na betri ya gari, na betri ikiisha aliibeba kwa baiskeli au matatu mpaka sokoni ikachajiwe.

Karamugi, 1984

Mwaka 1984 Mark Hankins, Mmarekani kijana wa Peace Corps, alikuwa anafundisha katika shule ya sekondari ya harambee ya Karamugi, katika Meru ya wakati ule. Kwa wasioijua harambee: ni shule iliyojengwa kwa michango ya wazazi wenyewe. Shule ilikuwa inafikiria kununua jenereta ya dizeli. Hankins alimfahamu mhandisi aitwaye Harold Burris, Mmarekani pia, aliyekuwa na kampuni ndogo iitwayo Solar Shamba huku kwenye eneo la kahawa. Wakamshawishi mwalimu mkuu ajaribu sola. Taa zikawaka madarasani.

Muda mfupi baadaye, kwa msaada wa shirika la USAID, shule nyingine tatu ziliwekewa sola. Jambo kubwa katika mradi huo lilikuwa mafunzo: mafundi wa hapa hapa walifunzwa huku kazi ikiendelea. Wazazi na walimu walikuja shuleni, wakaona, wakauliza bei. Mafundi wakaanza kuitwa majumbani.

Hapo moto ukashika. Hapakuwa na ruzuku ya maana wala kampeni. Watu walinunua kwa pesa zao, malipo ya kahawa yakiingia. Mwisho wa miaka ya 1980 zikaja paneli ndogo za bei nafuu, za wati 10 hadi 14, zikauzwa madukani kama bidhaa nyingine. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 nyumba zaidi ya 100,000 nchini zilikuwa na sola. Watafiti wa kigeni wakaja kutusoma, maana soko la namna hiyo, bila mkono mkubwa wa serikali, halikuwa jambo la kawaida duniani.

Hesabu ya wati 12

Sasa tuje kwa baba. Chukua kalamu.

Paneli ya wati 12, jua zuri la saa 5, inakupa takriban wati-saa 60 kwa siku. Runinga ndogo ya wati 15 kwa saa 3 inakula 45. Taa moja ya mrija ya wati 8 kwa saa 3 inakula 24. Jumla ni 69. Hapo bado hujahesabu kinachopotea njiani. Kila siku unakopa kwenye betri, na hulipi.

Betri nayo mara nyingi ilikuwa ya gari. Betri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, kisha injini iichaji upya. Haipendi kukamuliwa hadi mwisho kila usiku. Kuna kifaa cha kuilinda, kidhibiti chaji, lakini wengi waliokuwa wanabana matumizi walikiruka. Baba alikiruka. Maji ya betri yalipopungua hakuna aliyejua kuyaongeza. Baada ya mwaka na nusu taa ilianza kuwa nyekundu, baadaye runinga ikabaki na alama ya mstari katikati. Paneli ilikaa juu ya paa miaka mingi baadaye kama kofia.

Tofauti na cherehani unaiona? Mkanda wa cherehani ukikatika, mama alijua, na jirani alijua pia. Ujuzi ulikuwa kijijini. Kwa sola, kifaa kilifika kijijini lakini ujuzi uliishia kwa mafundi wachache. Palipokuwa na fundi wa karibu, sola iliishi. Palipokuwa na duka tu, ilikufa.

Na duka halikuaminika kila mara. Mwaka 1999 watafiti walipima paneli ndogo zilizokuwa zinauzwa Kenya. Nyingine zilikuwa sawa na maandishi yake, nyingine zilitoa nguvu pungufu sana. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Inahitajika mita, na mtu wa kuisoma.

Nani ana ufunguo?

Kuanzia mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA ilileta nchini njia nyingine: unalipa sola kidogo kidogo kwa simu, na usipolipa kifaa kinajifunga mpaka ulipe. Ukimaliza deni kinakuwa chako. Njia hii imewafikisha wengi ambao hawakuwa na pesa za mkupuo. Ila mwanaprogramu akiitazama anaona kitu anachokijua: mashine iko kwako, ufunguo uko kwa mwingine.

Huko Mbuiru, Meru Kusini ya wakati ule, walijaribu njia ya tatu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanakijiji walikamilisha mtambo mdogo wa maji wa Tungu-Kabiri, wa kilowati 18, wakishirikiana na shirika la ITDG na Wizara ya Kawi. Nyumba moja haiwezi kumiliki mto. Wanachama wapatao 200 waliweza kuchimba, kujenga na kumiliki pamoja.

Kwa hiyo mimi nilikosea wapi? Nilidhani kujitegemea ni kuwa peke yangu. Seva yangu inakula wati 5 tu, nikajisifu. Lakini wati 5 kwa saa 24 ni wati-saa 120, mara mbili ya paneli yote ya baba! Sikuipima betri tangu niinunue. Na hakuna mtu mwingine aliyejua hata nywila yake.

Nilichobadilisha ni hiki. Nimeweka betri mpya ya lithiamu yenye kidhibiti chake, na kila tarehe mosi naizimia stima makusudi nione itadumu muda gani. Dada yangu aliye Meru mjini ana diski yangu kwake, na ya kwake iko kwangu. Kila usiku zinanakiliana. Maelezo ya jinsi ya kuiwasha upya nimeyaandika kwenye daftari la karatasi, kwa Kiswahili, na mpwa wangu wa miaka 14 ameshayajaribu mara mbili bila mimi kumgusia neno.

Dada huyo huyo amenitafutia kwenye simu yake picha 31 za baba nilizowahi kumtumia. Si zote, lakini moja inamwonyesha amesimama mbele ya nyumba, na juu yake paneli ile ile.

Kama kwenu kuna sola ya zamani, muulize mzazi ilikufaje. Kisha uende ukaangalie betri yako. Tuonane wiki ijayo.