Mlimbiko: sumu inayopanda kutoka kwa ndagala hadi kwa sangala

Zebaki, risasi, kadmi na shaba huhesabiwa miongoni mwa metali nzito. Zikiingia ziwani haziozi. Samaki huzipata kwa chakula na kwa matamvua, yale mashavu mekundu ambayo mnunuzi wa Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, huyafunua kwanza kuona kama samaki ni wa leo. Mwili ukizipokea upesi kuliko unavyozitoa, hubaki humo na kuongezeka. Vitabu huita hali hiyo ulimbikizaji wa kibiolojia. Mimi nachagua neno fupi, mlimbiko, kwa sababu kila mtumishi aliyewahi kudai malimbikizo ya mshahara anajua jinsi kidogo cha kila mwezi kinavyogeuka fungu kubwa.

Kuna hali ya pili, na wengi huichanganya na ya kwanza: sumu kuongezeka kutoka kwa anayeliwa kwenda kwa mlaji. Hii naiita mlimbiko wa kulana. Ndagala hula vidudu vidogo mno vya majini, na maisha yake ni mafupi. Mikebuka humla ndagala. Sangala mkubwa hula samaki wenzake na huishi miaka mingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu samaki wa Ziwa Tanganyika, upande wa Tanzania, ulionyesha zebaki ikipanda kwa kufuata ngazi hizo hizo.

Samaki huumia muda mrefu kabla hajaelea akiwa amekufa. Shaba ikizidi huharibu matamvua: hujaa ute, hewa haipiti vizuri, na chumvi za damu humtoka. Kadmi huvuruga kalisi mwilini. Risasi hupunguza damu na huweza kupinda uti wa mgongo. Zebaki hushambulia ubongo na uzazi. Samaki huchelewa kumkimbia adui.

Ziwa lenyewe lina kina cha mita 1,470 hivi, na mto unaolitoa maji ni mmoja tu, Lukuga, hapo hapo Kalemie. Maji mengi huondoka kwa mvuke, lakini risasi na kadmi haziondoki nao.

Jikoni pia tuseme ukweli. Zebaki hushikamana na nyama yenyewe, kwa hiyo kuchemsha hakuiondoi. Kuanika hutoa maji tu, na kilo ya samaki mkavu hubeba zebaki nyingi kuliko kilo ya samaki huyo huyo akiwa mbichi. Risasi na kadmi hupenda maini, figo na mifupa. Sangala hutolewa matumbo, ila ndagala huliwa mzima.

Ndiyo maana kupima maji peke yake hakutoshi: maji yanaweza kuonekana salama huku sangala amebeba mlimbiko wa miaka. Wanaopima maji ya Kalemie wapime pia nyama, maini na matamvua ya samaki, na majibu wayabandike sokoni kwa Kiswahili, mama wajawazito wayasome kabla ya kununua.