Chanikiwiti au kijani cha bahari: Ipi yafaa chumba cha Magomeni?

RANGI mbili za kijani zinazofanana kwenye kadi ya duka la Kariakoo zaweza kuachana kabisa zikishapakwa ukutani. Hilo huonekana hasa katika nyumba za Kiswahili za Magomeni, ambako vyumba hupangana pande mbili za ukumbi na dirisha, mara nyingi moja tu, hutazamana na ukuta wa jirani.

Chanikiwiti ina manjano ndani yake, kijani cha bahari kina buluu. Chini ya taa yenye mwanga wa manjano, chanikiwiti huchangamka, ilhali kijani cha bahari hufifia na kukaribia kijivu. Taa ikiwa nyeupe, hali hugeuka.

Rangi ikishachanganywa kwa oda, kwa kawaida duka halikubali kuirudisha. Heri kununua kopo la lita 1, kupaka kipande cha ukuta mara mbili na kusubiri, kwani rangi ya maji hukolea inapokauka. Kitazamwe adhuhuri, kisha usiku taa ikiwaka.

Kuta nne nazo huakisiana, hivyo chumba kizima hukolea kuliko kipande hicho. Kwa mpangaji wa chumba kimoja chenye taa ya manjano, chanikiwiti iliyopauka ndiyo salama zaidi.