Photoshop inakwama, ekrani inakuwa nyeusi: mbele ya kununua karte grafiki ingine

Katika studio za foto za Lubumbashi, iwe Kenya, Katuba ao Ruashi, mambo yanakuwaka namna moja kisha ndoa ya Jumamosi. Foto mia nane ziko kwenye klé, mteja anazingojea, na mashini inakataa. Unafungua foto, unaikaribisha ili usafishe uso wa bibi-arusi, na ukurasa unageuka mweusi ao unajaa miraba. Fundi anaangalia dakika mbili, anasema: karte grafiki imekufa, leta dola. Mara nyingi haijakufa. Unaweza kulijua hilo mwenyewe mbele ya kutoa feza.

Karte grafiki njo sehemu ya ordinateri inayochora kila kitu unachoona kwenye ekrani. Zamani Photoshop ilifanya hesabu zake zote kwa prosesa. Tangu toleo la CS4, la mwaka 2008, ilianza kuigawia karte sehemu ya kazi: kukaribisha foto, kuisogeza, kugeuza ukurasa, na baadaye vyombo vizito kama Fluidité na Camera Raw. Msaada huo njo tunaita akselerasio. Karte ikiwa nzuri, kazi inatembea. Lakini karte ikiwa ya zamani, ao piloti yake ikiwa mbaya (piloti ni ile programu inayofanya Windows na karte zisikilizane), basi akselerasio hiyo hiyo inaangusha Photoshop. Windows nayo iko na sheria yake: karte isipojibu kwa sekunde 2, inaizima na kuianzisha upya. Ndiyo sababu ekrani inakuwa nyeusi kidogo, inarudi, kisha Photoshop inakuambia piloti imeleta shida.

Jaribio la kwanza ni la bure. Ndani ya Photoshop, bonyeza Ctrl na K, ingia Performances, ondoa alama kwenye « Utiliser le processeur graphique », funga Photoshop kabisa, fungua tena. Rudilia kazi ile ile iliyoleta shida. Ikiisha, kosa liko kwa karte ao piloti. Ikibaki vile vile, usiguse karte, tafuta kwingine: kumbukumbu ndogo, ao diski iliyojaa. Kama Photoshop inalalamika juu ya « disques de travail », hiyo ni nafasi ya diski, haihusu karte hata kidogo. Na mujue kwamba Camera Raw iko na alama yake ya pembeni, ndani ya preferences zake yenyewe. Wengi wanazima upande mmoja tu, kisha wanashangaa foto za RAW zinaendelea kuangusha mashini.

Bila akselerasio unaweza kufanya kazi. Foto za paspoti, kukata, rangi, matabaka, kufuta makunyanzi, vyote vinapita, pole pole kidogo. Kugeuza ukurasa kutakataa, na Fluidité itakuwa nzito. Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, aliweka watu wa foto za wakati wa ukoloni juu ya mabomoko ya Gécamines katika kazi yake Mémoire, ya 2006, miaka miwili mbele ya akselerasio kuingia Photoshop. Kazi nzuri haikungojea karte.

Kama jaribio limeonyesha kosa liko upande wa karte, anza na piloti. Windows inapojisasisha inaweza kuondoa piloti ya kampuni na kuweka ya kawaida, na shida inaanza siku hiyo. Chukua piloti kwa NVIDIA, AMD ao Intel, ama kwa HP, Dell ao Lenovo kama ni portable. Furushi la NVIDIA linapita mega 500, kwa hiyo pakueni mara moja, wekeni kwenye klé, mutumie pamoja na studio jirani, mradi karte ziwe za aina moja. Portable ingine iko na karte mbili, dogo na kubwa. Hapo ingia Paramètres, Système, Affichage, kisha Graphiques, ongeza Photoshop na uchague « Hautes performances ».

Lakini shida kubwa ya kwetu iko pale tunaponunua. Ordinateri nyingi za studio ni okazioni, zilizokwisha kufanya kazi miaka kwa ofisi za ng'ambo. Photoshop za leo zinaomba DirectX 12, ngazi 12_0, na kumbukumbu ya karte ya giga 1.5. Prosesa za Intel za kizazi cha 3, 4 na 5 hazifiki ngazi hiyo kwa karte yao ya ndani. Zinaanza kufika kizazi cha 6, cha mwaka 2015. Kukisoma ni rahisi: i5-4300U ni kizazi cha 4, i5-6300U cha 6, i5-10210U cha 10. Muuzaji atakuambia « ni Core i5 » kana kwamba hilo linatosha. Mwambie awashe mashini, bonyeza Windows na R, andika dxdiag, ingia Affichage, tafuta mstari wenye 11_0, 11_1, 12_0. Kama 12_0 haimo, shusha bei ao endelea na safari. Hakuna piloti itakayoiongeza.

Ile Photoshop ya wizi inayotembea kwa klé haisaidii. Haijisasishi, na kosa ambalo Adobe ilishatengeneza linabaki kwako. Kwa mashini ya kizazi cha 4 ningeweka GIMP, ni ya bure na inaitegemea karte kidogo sana. darktable pia ni ya bure kwa foto za RAW, na OpenCL yake inazimwa katika mapendeleo.

Wakati wa kiangazi, vumbi jekundu linaziba vantilateri, karte inapata moto na kupunguza mwendo. Isafishwe. Na portable inayotumia betri wakati umeme umekatika inajipunguzia nguvu yenyewe, kwa hiyo usiipime saa hiyo.

Kama miraba inaonekana hata Photoshop ikiwa imefungwa, tangu Windows inapowaka, hapo fundi anaweza kuwa na haki. Kwa mashini ya meza, aipachike karte kwenye mashini ingine mbele ya macho yako. Kwa portable, karte nyingi zimechomelewa kwenye kadi mama, na ule ufundi wa kuipasha moto ili iamuke unadumu wiki ao miezi tu. Muulize garanti ni ya siku ngapi, aandike kwenye risiti.